Nenda Wewe

Birkat al-Mawz, bwawa la ndizi,
ndipo barabara inapoacha adabu.
Mpaka pale tulikuwa saba wa jezi moja
na kazi yangu ilikuwa ndogo, inaeleweka:
kurudi nyuma garini, kushindilia chupa sita mgongoni,
nne kifuani, kupenya tena katikati ya viwiko,
kumpa Muhanna ya kwanza, ile ya baridi,
kisha kukaa mbele yake niule upepo mimi
asije akaula yeye.

Upepo wa huku una mchanga.
Ukiula kilomita mia na ishirini
unautafuna mpaka usiku, ndani ya wali.

Redioni, Mdenishi wetu kwenye gari lenye kiyoyozi:
Azzan, mvute hadi kituo cha polisi. Halafu basi.
Basi. Kana kwamba miguu ina swichi.

Sisi wawili tuna lugha ya pembeni.
Bibi yangu na bibi yake walitoka Wete meli moja,
wakatulea Nizwa kwa Kiswahili cha jikoni,
cha kuitana, cha kufukuzia paka.
Kwenye msafara ni silaha.
Wakolombia hawaambulii neno,
na waya wa redio hauna mkalimani.
"Yule wa kijani anahema kwa mdomo."
"Mwache ajichoshe."
"Kona ijayo, kushoto, kokoto."
Tunasema kama watu wanaouliza bei ya vitunguu.

Kituoni askari hurudisha gari
lisilovuta kwa magurudumu manne.
Sisi tuna mawili mawili. Akatupungia mkono.

Nilipaswa kufa pale. Sikufa.
Hilo sikulipanga; nguvu zilikuja tu,
kama mgeni asiyealikwa aliyebeba halua.
Nikageuka. Muhanna kichwa chini,
chumvi shavuni, mdomo wazi.
"Nimekwisha," akasema. "Nenda wewe."

Redioni: Msubiri. Msubiri. Msubiri.
Nikachomoa waya sikioni.

Kilomita nne mimi na mlima.
Niliwaza upuuzi: jina langu
wataliandika kwa z ngapi;
kama mama amefunga cherehani, amewasha televisheni.
Nyuma Wakolombia walishtuka, wakatumana,
mmoja akaungua, wa pili akaungua,
wakinifukuza mimi,
mimi niliyekuwa mkweli kwa kila pedali.

Mita mia tatu.
Kivuli kikanipita.
Halafu cha pili, na cha pili kilivaa jezi yangu.
Kumbe alikaa nyuma ya migongo yao njia nzima,
akiinywa kinga yao kama chai,
mdomo ule ule, sasa umefungwa.

Mdenishi alimkumbatia mshindi, halafu
akaja kwa wa tatu na kidole:
nani alikupa ruhusa?
Nikamtazama Muhanna.
Akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka,
kwamba yeye hakuniambia kitu.

Mlima hautoi ushahidi.
Maneno yale tuliyasikia wawili,
na mmoja ameshayakana.

Usiku, kwenye ngazi za hoteli, akaninong'oneza:
"Ungejua wewe ni chambo, usingekimbia vile."
Kweli.
Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ni kweli,
na kwamba hesabu yake ilikuwa safi,
na kwamba fedha zitagawanywa kwa saba, hata senti
haitapotea.

Bibi alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nimeifua jezi kwenye sinki mara mbili.
Bado maji yanatoka na mchanga.

Kesho ni tambarare hadi Matrah, upepo wa ubavuni.
Kilomita ya kumi ataomba maji kama kawaida,
kwa Kiswahili, sauti ya chini.
Nitampa. Ni kazi.
Nitampa chupa iliyolala juani
nami nitamjibu kwa Kiarabu,
kila mtu asikie.